Nahamia Uingereza na paka wangu, nitamfikishaje salama?

"Assalam aleikum daktari. Mimi niko Wete, Pemba, mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili inshallah namfata mume wangu Birmingham, nakwenda na watoto wawili. Tuna paka wetu anaitwa Pamba, dume, kahasiwa, ana miaka saba, tumemlea tokea yuko kama ngumi na mwanangu mdogo kashasema bila ya Pamba yeye haendi. Nimeambiwa mengi mpaka nimechanganyikiwa. Jirani ananambia nimpe piritoni mbili alale mpaka afike. Mwengine ananambia kule chini kwenye mizigo hamna hewa na baridi inaua, bora nimbebe mapajani kama Wazungu wanavofanya. Chanjo ya kichaa cha mbwa alichomwa mwaka jana walipopita mtaani lakini hiyo chipu hana. Nakhofia nisije nikamuua kwa mapenzi yangu mwenyewe. Nifanye nini?"

Waaleikum salaam dada yangu. Hapo pa mwisho pamenigusa, kwamba unaogopa kumuua kwa mapenzi, kwa hiyo naanza hapo hapo. Paka mzima wa afya, mwenye pua ya kawaida kama hawa paka wetu wa mtaani, safari ya ndege anaiweza. Kinachoharibu safari za wanyama mara nyingi si kule juu angani, ni huku huku chini: karatasi hazijatimia, dawa kapewa na mtu asiyejua, au masaa aliyokaa juani kwenye lami ya kiwanja kabla ndege haijaondoka. Khofu unayo na ni haki yako, ila imekaa pahala sipo, na mimi nataka nikusaidie kuihamisha ikae pale panapostahiki.

La kwanza kabla ya yote, hizo piritoni usimpe. Piritoni ni dawa ya mafua na muwasho ambayo inamletea binadamu usingizi, na sisi madaktari wa mifugo tunaitumia kwa paka wakati mwengine kwa kuwashwa, lakini kwa dozi ndogo inayokwenda na uzito wake. Vidonge viwili vya miligramu 4 kwa paka wa kilo tano ni vingi, na tena kuna paka ambao badala ya kulala wanachachawa, anahangaika, anatoa mate, moyo unamwenda mbio, na hapo ndo umeshamfungia ndani ya kreti huna la kumfanyia. Na madhali tuko kwenye vidonge niseme na hili kwa sababu nimeshaletewa paka waliopewa: panadoli usithubutu, hata nusu. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja ile dawa kama ini letu, sumu inabakia kwenye damu, damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka rangi kama ya udongo, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua.

Sasa utaniuliza, basi na hizi dawa za usingizi za hospitali ya wanyama je? Nazo pia kwa safari ya kago hatuzipendi, na mashirika mengi ya ndege yakimuona mnyama kalegea yanakataa kumpakia kabisa. Mnyama aliye macho akisikia joto anahema, anajisogeza, anageuka upande wenye upepo, ndege ikiinama anajikaza miguu. Ukimpa dawa ya kumlaza unamnyang'anya vyote hivyo kwa pamoja, presha yake ya damu inashuka, joto la mwili hawezi tena kulisawazisha, akitapika anaweza kuvuta matapishi mapafuni, na hakuna mtu kule chini wa kumtazama. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilimpa paka mmoja dawa ya kumtuliza kwa sababu mwenyewe aliniomba sana, safari ilikuwa ya boti tu mpaka Dar, na alifika kalegea na mwili umepoa hata mwenyewe alidhani kashakufa. Alipona alhamdulillahi, lakini tokea siku ile nikiombwa nakataa. Kuna dawa moja, gabapentini, ambayo baadhi ya madaktari wanampa paka mwenye woga mkubwa, inapunguza wasiwasi bila ya kumlaza fofofo, lakini hiyo ni mpaka daktari kampima, mmeijaribu nyumbani wiki kadhaa kabla, na shirika la ndege limekubali kwa maandishi. Kwa Pamba mimi sioni haja, kuna njia bora kuliko dawa na nitaifikia.

Kuhusu chini kwenye mizigo. Wengi wanadhani kule ni kama buti la gari lililofungwa, giza na hamna pumzi. Ndege ya abiria mwili wake mzima umeshindiliwa hewa, juu mlipo nyinyi na chini walipo wao, mgandamizo ni mmoja, sawa na mtu aliyepanda mlima mpaka mita 1,800 hivi au 2,400. Kwa mfano Kilimanjaro pale Mandara wanapolala wapandaji usiku wa kwanza ni kama mita 2,700, kwa hiyo Pamba hatofika hata hapo. Na sehemu wanayowekwa wanyama inatiwa joto, rubani anapewa karatasi inayomwambia kuna viumbe hai na wako chumba gani ili aweke joto linalofaa, na hawapangwi karibu na mizigo yenye barafu kavu kwa sababu ile inatoa hewa ya kaboni. Ila, na hii ila ni kubwa, si kila ndege ina chumba cha aina hiyo, na hata ndege yenye nacho inachukua wanyama wachache tu kwa safari. Ndo maana mnyama hapelekwi kiwanjani siku ya safari kama mtu anavyokwenda na begi la ziada, anakatiwa nafasi yake mapema na unapewa uthibitisho. Giza lenyewe kwa paka si adhabu, paka akiogopa anatafuta uvungu, na kreti iliyofunikwa kidogo ndo uvungu wake.

Hatari ya kweli ni kabla na baada. Pale kreti imeshapokelewa inasubiri kupakiwa, jua la saa nane, lami inarudisha joto, ndege imechelewa. Paka hatoki jasho kama sisi, anatoa kidogo tu kwenye vikanyagio vya miguu, kilichobakia ni kuhema na kujilamba. Wanyama wa pua bapa kama bulldog na pug, na wale paka wa Persian ambao jamaa zetu wa Oman wanawaita shirazi, njia zao za hewa ni finyu kwa maumbile, wakihema hewa haipiti ya kutosha, na hao ndo wanaotutia khofu zaidi na mashirika kadhaa hayawachukui kabisa. Pamba wako pua anayo, mshukuru Mungu kwa hilo. Lakini hata yeye mtafutie ndege ya usiku au alfajiri, na kama tarehe mnazichagua wenyewe basi kipindi cha kusi, mwezi wa sita mpaka wa tisa, ni kizuri kwake kuliko kaskazi inapopamba moto.

Haya, mapajani. Hao Wazungu wanaobeba paka ndani kwa abiria ni kweli wapo, mashirika mengi yanaruhusu paka kwenye begi laini chini ya kiti, kwa kawaida paka na begi lake wasizidi kilo nane hivi, lakini inategemea unakwenda wapi. Uingereza sheria yao mnyama akiingia kwa ndege lazima aje kama kago, kwa njia na shirika lililoidhinishwa, isipokuwa mbwa wa kuongoza wasioona na mfano wake. Kwa hiyo hata ukienda na shirika linalobeba paka kebini, kwenye ile ndege ya mwisho inayotua London au Birmingham hawatokuruhusu. Usimlaumu mtu wa kaunta, na usikubali mtu akwambie "we njoo naye tu tutaona huko". Akifika bila ya kutimiza masharti anarudishwa alikotoka au anawekwa karantini mpaka miezi minne, na gharama yote juu yako.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hukuniuliza na ndilo kubwa kuliko yote, kalenda. Wewe unataka kuondoka mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili na leo tuko katikati ya mwezi wa kumi. Dada yangu, kwa tarehe hiyo Pamba hawezi kuingia Uingereza, hata ukilipa kiasi gani. Nakwambia mapema ili usije ukatoa pesa kwa mtu anayekuahidi kwamba anaweza.

Ile chanjo ya mwaka jana kwa mwili wake ni nzuri sana, lakini kwa Waingereza haihesabiki kwa sababu alipochomwa hakuwa na chipu. Chipu ndo kitambulisho chake, kitu kidogo kama punje ya mchele kinachowekwa chini ya ngozi baina ya mabega kwa sindano, kina namba yenye tarakimu 15, na iwe ya kile kiwango cha kimataifa cha ISO ili mashine zao ziisome. Bila ya hiyo cheti cha chanjo ni cha "paka mweupe", na paka weupe Wete peke yake wako wangapi? Kwa hiyo utaratibu ni chipu kwanza, daktari aisome kwa mashine na aandike namba, halafu ndo chanjo ya kichaa cha mbwa, inaweza kuwa siku hiyo hiyo lakini chipu itangulie. Nimeona mtu kafanya kinyume kwa siku tatu tu na ikabidi aanze moja.

Baada ya chanjo mnasubiri siku 30, ndo anatolewa damu ya kupima kingamwili, yaani ile kinga ambayo chanjo imeijenga mwilini. Inachujwa ipatikane serumu, yale maji ya damu, inawekwa kwenye baridi na kusafirishwa mpaka maabara inayotambulika na wao, kwa Afrika iliyo mashuhuri ni Onderstepoort kule Afrika Kusini, nyengine ziko Ulaya. Kipimo kifike 0.5 kwa kile kizio chao, IU kwa mililita, au kizidi. Na hapa ndo ile chanjo ya mtaani inamsaidia Pamba, mwili wake umeshaijua, akichomwa tena kingamwili zinapanda haraka na juu zaidi kuliko paka anayeanza leo. Halafu, tokea ile siku damu ilipotolewa (si siku majibu yalipokuja, watu wanachanganya hapa) inahesabiwa miezi mitatu kamili ndo aruhusiwe kuingia.

Kwa nini miezi mitatu na majibu yameshatoka mazuri? Si kutusumbua. Kirusi cha kichaa cha mbwa mnyama aking'atwa hakikimbilii damuni, kinapanda polepole kwenye mishipa ya fahamu mpaka ubongoni, safari hiyo inachukua wiki au miezi na huku mnyama anakula na anacheza kama kawaida. Chanjo ikimkuta kirusi kishaingia kwenye mishipa inaweza isimuokoe, na wala damu haikwambii. Ule muda wa kusubiri ndo unaoonesha kama kulikuwa na kitu kimejificha. Uingereza ugonjwa huu umeondoka kwa wanyama wa nchi kavu tokea 1922 na ni kisiwa, wanaulinda. Na sisi wa huku tunalielewa hilo kuliko watu wengi, Pemba yetu ilisafishwa kichaa cha mbwa mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa, ukarudi 2016 kwa mikono ya watu, ulivushwa bahari, ikabidi kazi ianze upya mpaka 2018 ndo ukaondoka tena. Mnyama mmoja asiyechunguzwa anatosha.

Basi piga hesabu na mimi. Chipu na chanjo wiki hii, tuseme tarehe 15. Damu katikati ya mwezi wa kumi na moja. Miezi mitatu inaishia katikati ya mwezi wa pili. Kabla ya hapo hapana, na mimi ningeongeza wiki mbili za akiba kwa sababu sampuli zinaweza kuchelewa na damu ikatakiwa tena. Na hiyo chanjo isije ikapita tarehe katikati, ikipita unaanza upya.

Kwa hiyo njia zako ni zipi? Ikiwa viza na kazi ya mume wako vinaruhusu, ahirisha safari mpaka mwezi wa tatu muondoke wote, hii ndo nyepesi kwa paka na pengine ngumu kwako, wewe ndo unajua. Ikiwa lazima uondoke mwezi wa kumi na mbili, mwache Pamba kwa mama au dada aliyemzoea, lakini hapa kuna sharti la siku tano: ili ahesabiwe paka wa nyumbani na si biashara, lazima yeye na mwenyewe muingie ndani ya siku tano, kabla au baada. Ukitangulia wewe miezi mitatu kisha akatumwa, anaingia kwa masharti ya biashara, cheti chengine, taratibu nyengine na gharama zaidi, inafanyika lakini utahitaji wakala anayejua kazi. Wengine wanachofanya ni mwenyewe kurudi kumchukua, wanaunganisha na likizo au harusi, na kwa hesabu ya pesa mara nyingine inakaribiana.

Kuna na njia ya kupitia Ulaya ambayo utaikuta watu wanaisifia, unapanda na paka kebini mpaka Amsterdam au Paris halafu mnavuka kwa gari kwenye treni ya chini ya bahari pale Calais, au kwa meli ya Hoek van Holland kwenda Harwich. Ni kweli inaruhusiwa, na vipimo vya damu ni vile vile Ulaya inavyovitaka, utahitaji tu cheti cha Ulaya na cha Uingereza vyote viwili. Paka anabaki miguuni mwako muda wote, na hilo kwa paka mwoga lina thamani. Lakini wewe una paspoti ya Tanzania, kutoka nje ya kiwanja pale Amsterdam unahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi za Ulaya, wewe na watoto kama nao wana paspoti yetu, na mume aje na gari kuwapokea kwa sababu treni ya abiria ya Eurostar haipandishi wanyama. Kwa familia yenye watoto wawili na masanduku ya kuhama naona ni mzigo juu ya mzigo. Angekuwa paka mgonjwa kidogo au mwenye woga uliopita kiasi ningekwambia jikaze, kwa Pamba kago inamfaa.

Na njia ya mwisho naitaja kwa heshima, kumwacha moja kwa moja kwa mama. Haina maana humpendi. Gharama ya kago ya Uingereza ukijumlisha kreti, vipimo, wakala na mapokezi mara nyingi inazidi tiketi yako mwenyewe, na paka aliyezoea ua na embe na kuchomoa dagaa jikoni kwa bibi ana maisha yake. Kaeni na watoto mlizungumze kwa ukweli, na mdogo aambiwe mapema, asije akajua siku ya safari.

Mkiamua aende, tafuteni wakala lakini fungueni macho. Wapo matapeli wengi mitandaoni wanaojifanya wasafirishaji wa wanyama, unalipa, halafu kila siku anakwambia bado pesa ya bima, bado pesa ya kreti maalumu yenye kipoza joto. Kuna jumuiya ya kimataifa ya wasafirishaji wa wanyama, IPATA, majina ya wanachama wake yapo wazi, mtu akikwambia ni mwanachama mwangalie mwenyewe huko, usiangalie nembo aliyobandika. Na wewe unayehamia uombe HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya Uingereza, ule msamaha wa kodi wa mtu anayehamia nchini na umwandike paka kwenye fomu, usipofanya hivyo mnaweza kudaiwa kodi kwa paka wenu wenyewe.

Kreti sasa. Tenga la kuku kama lile watu wanalopandia nalo boti, au boksi la maji, halifai hata kidogo. Iwe ya plastiki ngumu, mlango wa chuma, matundu ya hewa pande zote nne, vipande vyake vifungwe kwa nati za chuma na si vile vibanio vya kubonyeza tu, na vikombe vya maji vinavyojazwa kwa nje. Paka aweze kusimama bila ya kuinama, ageuke, alale ajinyooshe. Chukua futi ya fundi cherehani, mpime kutoka puani mpaka mkia unapoanzia, na kutoka chini mpaka kiwiko cha mguu wa mbele, na upana wa mabega, na urefu wake akisimama mpaka ncha za masikio. Urefu wa kreti ni hicho kipimo cha kwanza ukiongeza nusu ya kiwiko, upana ni mabega mara mbili, kimo ni masikio na unene wa tandiko. Tuseme Pamba ana sentimita 46, kiwiko 16, mabega 14, kimo 30, basi kreti ya ndani isipungue urefu 54, upana 28, kimo 30 na tandiko. Vipimo hivi vinatokana na kanuni za IATA, ile jumuiya ya mashirika ya ndege duniani, na mtu wa kago atavipima kweli, kreti ikiwa ndogo paka habebwi.

Na hii ndo ile njia bora kuliko dawa niliyokuahidi: inunue kreti leo, siyo wiki ya safari. Iweke chumbani mlango wazi, tandika khanga yako kuukuu uliyoivaa na usiifue, mlishie humo, kila siku. Wiki ya tatu funga mlango dakika tano, kisha nusu saa, kisha mzungushe na gari mpaka Chake na kurudi. Paka anaogopa kitu kigeni kuliko anavyoogopa kelele, na ile harufu ya nyumbani ikiwa imemzunguka pande zote moyo wake unatulia. Una miezi minne ya kumzoesha, kalenda iliyotuudhi hapo juu hapa inatufaa. Nimeona paka wanaoingia wenyewe kulala kwenye kreti zao, na hao ndo wanaofika wamekaa kitako wanawatazama watu.

Cheti cha afya kinatakiwa kisainiwe na daktari wa serikali ndani ya siku kumi kabla ya kufika, kwa hiyo ofisi ya mifugo hapo Wete waone mapema sana wajue mna nini, na muulizie kibali cha kumtoa nchini. Kama mtapitia Dar kwa boti badala ya kuruka kutoka Unguja, ulizeni na upande wa Bara wanataka nini, msije mkakwama bandarini. Mimi ningemleta Unguja siku mbili tatu kabla apumzike, kuliko kumtoa boti ya Mkoani asubuhi na ndege usiku ule ule. Ndege nyengine zinapitia Addis Ababa, nyengine Doha, Istanbul, Amsterdam, chagua yenye kituo kimoja tu na uulize neno kwa neno: kreti itakaa wapi akisubiri ndege ya pili, ndani kwenye ubaridi au nje? Viwanja kama Amsterdam na Frankfurt vina majumba maalumu ya wanyama. Ukijibiwa kwa kubabaika, tafuta njia nyengine.

Siku yenyewe mpe chakula kidogo masaa manne mpaka sita kabla ya kumkabidhi, maji mpe mpaka dakika ya mwisho. Usimshibishe ukadhani unamsaidia, tumbo likijaa atatapika. Haja ndogo usijali sana, paka anaweza kuzuia masaa mengi, tandika ile pedi inayonyonya na khanga yako juu yake. Akitua Heathrow atapelekwa kituo cha kupokea wanyama cha pale kiwanjani, wanamsoma chipu, wanakagua karatasi, inachukua masaa kadhaa, basi mume wako asije mbio akakasirika.

Kabla ya hayo yote mlete kwa daktari apimwe mwili mzima. Miaka saba si mzee lakini ni umri ambao figo zinaanza kusema, nataka asikilizwe moyo na atolewe damu ya figo. Akiwa na pumu, moyo una mlio, au figo zimechoka, rudi tuzungumze upya na usione haya kughairi. Na kwa sababu ni dume kuna kitu kimoja nakusisitizia ukiandike: paka dume akipata mshtuko wa kuhama anaweza kuziba mkojo. Mrija wake ni mwembamba. Ukimuona huko Birmingham anaingia kwenye mchanga mara kwa mara, anakamua, analia, hakitoki kitu au linatoka tone la damu, usisubiri asubuhi, ni siku moja tu baina ya uhai na kifo, mpeleke hospitali ya wanyama usiku huo huo. Na akikataa kula kabisa zaidi ya siku moja na nusu, nayo mpeleke, hasa kama ni mnene, kwa sababu paka asiyekula mafuta yanakimbilia kwenye ini na kuliharibu.

Mkishafika msimwachie nyumba nzima. Chumba kimoja, mchanga wake, maji, kreti ile ile mlango wazi na khanga ile ile msiifue bado. Siku ya pili ya tatu atatoka mwenyewe. Nje asitoke wiki tatu au nne, hajui kwao ni wapi akitishwa na gari atakimbia upande wowote. Na chipu yake isajiliwe huko kwa namba yenu ya simu ya Uingereza, England tokea Juni 2024 ni sheria kila paka wa nyumbani awe nayo na awe kasajiliwa.

Kwa hiyo kesho asubuhi usianze na shirika la ndege. Nenda kwa daktari wa mifugo hapo Wete muulize chipu ya tarakimu 15 ipo au aagizie Unguja, na kama kwao haipo niandikie tena nitakuunganisha na mwenye nayo. Na yule mdogo mpe kazi ya kumlishia Pamba ndani ya kreti kila siku baada ya skuli.